Malka Kati ya Kompyuta Mbili

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, mto Tana ulipoamua kuwatembelea majirani zake wote bila kupiga hodi, Garsen ilikuwa na kompyuta mbili. Usicheke. Watu wa Nairobi hudhani sisi huku tulikuwa bado tunahesabu kwa vijiti. Zilikuwa mbili, bwana, na zote zilifanya kazi, isipokuwa pale jenereta iliponuna.

Ya kwanza ilikaa chumba cha redio cha ofisi ya msaada, mikononi mwa Mahad, kijana wa Kisomali mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Alikuwa mtoto wa mfugaji aliyegeuka mwenye duka, amesomea mambo hayo Nairobi, na hakumwacha mtu yeyote asahau. Ya pili ilikaa ghalani kati ya magunia ya unga, mikononi mwa Elsie binti Hiribae, wa kijiji cha Ngao. Baina ya chumba na ghala palikuwa na ua uliojaa matope, mbao za kukanyagia, na disketi moja ya buluu iliyovushwa kila asubuhi ndani ya mfuko wa nailoni kama bibi arusi anayeogopa kulowa.

Elsie hakupanga kuwa mtu wa kompyuta. Alitumwa Mombasa akajifunze kupiga taipu. Akakuta darasa la taipu limejaa, akasukumiwa chumba cha pili, na chumba cha pili ndicho kilichokuwa na kompyuta. Ndivyo riziki ya mtoni ilivyo: unatupa ndoana ya kambare, unavuta mamba. Mtu mwingine angekata kamba. Elsie alimpakia mamba wake kwenye mtumbwi akarudi naye nyumbani. Alikuwa na maneno machache na shingo ngumu, na shingo hiyo hakuiokota njiani. Ilikuwa ya babake.

Shamba la Mzee Hiribae lilikuwa kando ya mto, na ubavuni mwake ilipita malka. Asiyeijua malka na aijue leo, bure. Wapokomo wanalima ukingoni. Waorma ng'ombe wao wako nyikani, na ng'ombe hanywi hadithi. Kwa hiyo tangu zamani wazee waliacha njia kati ya shamba na shamba, kutoka nyikani mpaka majini, ili mifugo ipite ikanywe. Mwenye ng'ombe hagusi mgomba wa mtu, na mwenye shamba hailimi njia. Mkulima haulizi ng'ombe walilala wapi jana, mfugaji haulizi mahindi yatavunwa lini. Kila mmoja ana mambo yake kwake. Wanakutana malka, na likiharibika jambo, wa kuulizwa anajulikana.

Wa kuulizwa upande wa pili wa Hiribae alikuwa Huka, mzee wa Kiorma mwenye ng'ombe wengi na samahani chache. Kila kiangazi wawili hawa walisimama mwisho wa shamba wakapigizana kelele.

"Huka! Ndama wako amekula mgomba wangu!"

"Mgomba wako ulikuwa umetoka kutembea njiani, Hiribae. Ndama amekusaidia kuurudisha. Sema ahsante."

Elsie alikua akiyasikiliza hayo kama watoto wengine wanavyosikiliza redio. Hakujua kwamba ndiyo yaliyokuwa masomo yake ya juu.

Sasa turudi kwenye maji. Mto ulipofurika, barabara zilikatika, na Bwana Dubow, mkuu wa ofisi ya msaada, akabaki na boti moja yenye injini na watu wote wa bonde wakiililia. Kila aliyeingia ofisini alikuwa na ndugu yake aliyezingirwa. Huyu ana mjomba kijiji cha Hewani, yule ana mashemeji Ngao. Dubow akachoka.

"Nataka mashine iamue," alisema. "Kompyuta haina shangazi. Wagonjwa kwanza, kisha wenye njaa, na boti haitoki hapa bila karatasi ya kompyuta. Hata aje nani."

Mahad akaandika programu ya kupokea vilio kutoka redioni: nani ameita, ana shida gani. Elsie akaandika ya kupanga safari: boti ipakie nini, iende wapi kwanza. Kila mmoja alijifungia kwake akaandika, na kila mmoja aliandika vizuri; hilo hatuwanyimi. Ila siku walipokutana kukubaliana programu hizo zitaongeaje, mkutano wao ulikuwa mfupi kuliko chai ya kuazima.

"Mimi nitakuletea jina la kijiji na shida yao," alisema Mahad.

"Na mimi nitapeleka boti," alisema Elsie.

"Kwisha?"

"Kwisha."

Eti kwisha! Watu wawili wanajenga nyumba, mmoja ukuta wa mashariki na mmoja wa magharibi, halafu hakuna aliyeuliza mlango utakuwa wapi.

Kwa siku za mwanzo mambo yalienda. Vilio vilitoka vijiji vya Wapokomo, na kijiji cha Mpokomo ni kama jino: kiko pale kilipoota. Elsie alikuwa na orodha ya vijiji vyote na mahali pake, aliyoikusanya mwenyewe wakati wa kiangazi akizunguka na wapimaji. Jina likiingia, programu yake inalitafuta humo, inaambia boti pa kwenda. Safi kabisa. Elsie akaanza hata kutembea kwa madaha kwenye zile mbao za uani, mpaka akateleza.

Lakini usiku hakuwa akilala. Tangu maji yapande Ngao, babake hakuonekana. Majirani walisema mzee alikataa kupanda mtumbwi, akisema mto anaufahamu na mto unamfahamu. Alipoonekana mara ya mwisho alikuwa na maji ya magoti, anaupigia mto kelele kama vile ni Huka.

Ndipo asubuhi moja Mahad akaja mbio ghalani bila kukanyaga mbao, matope mpaka gotini.

"Abaayo! Dada Elsie! Babako yuko hai!"

Elsie aliangusha kikombe. Mahad akamweleza: mtu wa chanjo ya mifugo alikuwa na redio ndogo, ameita kutoka Kwa Huka. Mzee Hiribae yuko huko, ana homa kali, hali chakula, anaweweseka. Wanaomba boti haraka imlete kwenye hema la daktari. Kisha betri ikafa, redio ikanyamaza.

"Kwa Huka?" Elsie alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Katika watu wote wa dunia, amekwenda kwa Huka?"

Disketi ikavuka. Kompyuta ya Elsie ikasoma: Kwa Huka, mgonjwa, haraka. Ikatafuta kwenye orodha, ikapata, printa ikalia. Nahodha Jilo, aliyerudi na boti jioni, akaichukua karatasi na kuondoka alfajiri iliyofuata, naye Elsie akabaki ukingoni mpaka mlio wa injini ukapotea.

Boti ilirudi kabla ya jua kuwa kali. Ilikuwa tupu. Jilo, mtu wa kuimba hata akiwa na jino bovu, alishuka bila wimbo.

"Binti yangu," alisema, "Kwa Huka hakuna. Nimefika pale karatasi iliponiambia. Maji matupu. Kiboko mmoja na kilele cha mti. Nimezunguka, nimeita. Hakuna mtu."

Elsie hakulia. Aliketi juu ya gunia, akaanza kuikunja ile karatasi, akaikunja mpaka ikakataa kukunjika zaidi.

Mahad, aliyekuwa mlangoni, akakunja uso. "Hakuna mtu vipi? Waliita jana. Waliozama hawaiti."

"Basi uliota," alisema Elsie bila kuinua macho. "Jilo ameona maji."

"Mimi niliota? Mimi niliisikia sauti ya mtu wa chanjo kwa masikio haya! Programu yangu imeandika sawasawa. Yako ndiyo imepeleka boti kwa kiboko!"

"Yangu imepeleka palipoandikwa! Kwa Huka pako pale, nimepakanyaga kwa miguu yangu, nimepewa maziwa pale!"

"Lini?"

"Wakati wa kiangazi."

Mahad alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda mti. "Wakati wa kiangazi," alirudia. "Elsie. Hao ni wafugaji. Kwa Huka ni pale Huka alipo. Huka akihama, Kwa Huka inahama naye. Kiangazi ilikuwa upande wa chini wa Ngao. Mvua ikinyesha inapanda. Unadhani watakaa wangoje maji yawafundishe kuogelea?"

"Sasa kwa nini hukunipa mahali walipo?"

"Nilikupa! Imo ndani ya disketi! Mtu wa chanjo alisema, nikaandika: mwinuko wa juu ya Minjila."

Elsie akainuka polepole. Akawasha kompyuta, akafungua kile kilicholetwa na disketi, na kweli, pembeni kabisa, baada ya jina na shida, palikuwa na safu ya tatu. Programu yake ilikuwa ikiiruka kila siku. Aliiambia mwenyewe iiruke. Kijiji si kinajulikana kilipo? Ya nini kuuliza jino limehamia wapi?

"Niliona ni maneno yako ya ziada," alisema. "Unapenda maneno."

"Na mimi nilidhani unayasoma," alisema Mahad, na sauti yake ikashuka. "Sikukwambia. Nilidhani kila mtu anajua."

Haya, msomaji, utamhukumu nani? Programu zote mbili zilikuwa sawa. Ya mkulima ilifikiri kama mkulima, ya mfugaji kama mfugaji. Kosa lilikuwa limesimama uani kati yao, kwenye matope, na hakuna aliyekuwa na zamu ya kulichunga.

Elsie akatoka mbio kwa Dubow. Alimkuta akitawadha kwa sala ya adhuhuri, akamweleza yote kwa pumzi moja: babake yuko juu ya Minjila, boti igeuke sasa hivi.

Dubow alimsikiliza mpaka mwisho, maji yakimdondoka kwenye viwiko. Hakuwa mtu mbaya. "Elsie, ni babako," alisema kwa upole. "Ndiyo maana siwezi. Asubuhi karatasi yako ilitupeleka pasipo na mtu. Sasa unakuja na mdomo. Nikimtuma Jilo kwa mdomo wako, nitamkataliaje mwenye mjomba Hewani? Nikitoka kwenye sala, boti inaondoka, inakwenda itakakotajwa na karatasi. Na hiyo karatasi uniambie kwa nini niiamini."

Elsie aliporudi ghalani, Mahad alikuwa ameketi kitini kwake.

"Rahisi," alinong'ona. "Andika kwa mkono. Kwa Huka, futa pale, weka juu ya Minjila. Chapa. Nani atajua?"

Elsie aliweka vidole kwenye kibodi. Tusidanganyane, alitaka. Mtu ana baba mmoja. Akaandika herufi mbili, tatu, kisha akazifuta.

"Leo nitaandika mimi," alisema. "Kesho utaandika wewe. Kesho kutwa atakuja mwenye mashemeji na kuku mkononi. Hii kompyuta itakuwa na mashangazi kuliko Garsen nzima. Toka kwenye kiti changu. Nifungulie faili zako zote, programu yangu iingie ndani kwako ichukue inachotaka."

"Ati iingie ndani kwangu!" Mahad aliruka. "Na siku nikipanga vyombo vyangu upya? Nikihamisha safu ya tatu iwe ya kwanza? Boti itamfuata mtu anayeitwa Homa Kali, kijiji cha Haraka! Basi na yangu iingie kwako, ianze kuendesha boti!"

Elsie alifungua mdomo amjibu, akakumbuka. Alikuwa ameyasikia haya. Aliyasikia kila kiangazi, mwisho wa shamba, kwa sauti za wazee wawili.

"Malka," alisema.

"Malka nini?"

"Hatuna malka. Ng'ombe wako wanapita popote, na mimi nimelima njia. Mahad, sitaki kujua unavyoandika huko kwako. Wewe usijue ninavyopanga boti. Tukubaliane njia tu. Nini kinapita, kinapitaje, na kikiharibika anaulizwa nani."

Mahad, mtoto wa wafugaji, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akavuta gunia akaketi. Wakaanza kuwekeana ahadi, safari hii kama watu wanaoozesha binti.

"Upande wangu," alisema Mahad. "Kila kilio ninachokuvusha kina vitu vitatu, kwa mpangilio uleule daima. Watu ni nani. Shida yao. Mahali walipo siku waliyoita, si walipokuwa mwaka jana. Kimoja kikikosekana, sivushi."

"Upande wangu, boti inakwenda mahali ulipotaja wewe. Sibuni. Sitazami orodha yangu ya kiangazi. Na ukiniletea mahali patupu, ninakataa na ninapiga kelele."

"Kelele gani?"

"Kompyuta itaandika kwa herufi kubwa: MAHAD HUJASEMA WALIPO."

"Ondoa jina langu."

"Libaki. Wa kuulizwa lazima ajulikane."

"Elsie, una roho ya babako."

"Andika, ndugu yangu. Dubow anasali, hajalala."

Wakaandika. Mahad alikwenda kwake, Elsie akabaki kwake, disketi ikavuka ua mara hii kwa mbio. Kwanza Elsie akataka ijaribiwe kwa ubaya: wakaiwekea kilio kisicho na mahali, ambacho Mahad alikipitisha kwa makusudi. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha kioo kizima kikajaa herufi kubwa za kumwita Mahad kwa jina lake. Mahad akacheka mpaka akashika magunia. Unaona ajabu? Jana mashine ilikuwa na adabu, haikatai kitu, ikamtuma Jilo kwa kiboko. Leo imejifunza utovu wa adabu, ndiyo ikawa ya kuaminika.

Kisha wakatia vilio vya kweli vyote, na karatasi ikatoka.

Dubow aliisoma amesimama, kofia ya sala bado kichwani, na Jilo akichungulia begani kwake.

"Wa kwanza, mgonjwa, Kwa Huka, mwinuko wa juu ya Minjila," Dubow alisoma. "Nitajuaje kwamba si wewe uliyemtia babako hapo?"

"Soma mpaka chini," alisema Elsie.

Dubow akasoma. Akafika mahali akakohoa. "Huyu... huyu ni shangazi yangu."

"Hilo mimi sikulijua. Kompyuta pia haijui."

"Amewekwa wa tano!"

"Ana njaa, hana homa. Wewe ndiye uliyesema wagonjwa kwanza."

Dubow akaigeuza karatasi kama anayetafuta mlango wa kutokea kwenye sheria yake mwenyewe. Jilo ndiye aliyemwokoa.

"Juu ya Minjila?" alisema. "Mbona asubuhi nilipita chini yake. Niliona moshi, nikasikia ng'ombe wengi wakilia. Nikasema, hawa nao wana bahati. Karatasi haikuniambia nisimame, sikusimama."

Dubow akakunja karatasi akampa. "Nenda. Na ukirudi, ukamchukue huyo wa... fuata mpangilio."

Elsie alikataa kubaki. Alipanda boti na kukaa juu ya boksi la dawa, ameshika pande zote mbili kama anayezuia boti isizame. Maji yalikuwa mekundu, mapana, na juu yake vilielea vitu ambavyo mtu hapendi kuvikuta vikielea: mlango, kinu, mnazi mzima. Jilo alianza kuimba kwa chini. Akaimba mpaka moshi ukaonekana.

Ng'ombe ndio waliomwona kwanza, kisha watoto, kisha Darmi, mke wa Huka, mama mrefu aliyeingia majini mpaka kiunoni akaishika boti kwa kamba.

"Elsie!" aliita. "Umechelewa! Tumemnywesha maziwa ya kila aina, anatukana yote!"

Elsie alishuka botini. Mtu anayetukana maziwa ni mtu aliye hai. Akakaa chini palepale kwenye matope, akacheka.

Hiribae alilala chini ya turubai, amefunikwa shuka la Huka, macho yamezama, midomo imekauka. Huka mwenyewe alikuwa ameketi kichwani pake akimpepea kwa kofia, na alipomwona Elsie akaacha haraka, kana kwamba alikuwa akifukuza nzi tu.

"Mchukue," alisema Huka. "Ametuchosha. Ameweweseka siku zote juu ya mgomba mmoja."

"Alifikaje huku, baba?" Elsie alimuuliza Huka kwa heshima.

"Kwa malka, kwa njia gani nyingine? Maji yalipofunika kila kitu, chini ya miguu palibaki ile njia, imekanyagwa na ng'ombe wangu mpaka ikawa ngumu kama saruji. Aliifuata mpaka nyikani, tukamkuta. Njia ileile aliyokuwa akiilaani."

"Ndama wako alikula mgomba," alisema Hiribae kutoka chini ya shuka.

Wakambeba mpaka botini, na Huka akamwinua upande wa kichwa mwenyewe, hakumwachia mtu. Dawa ilimezwa palepale. Walipofika katikati ya maji, homa ilikuwa bado juu lakini jasho limeanza kutoka, na Jilo, ambaye ameona homa nyingi, akamkonyeza Elsie na kuimba kwa sauti yote.

Mzee akafungua jicho moja.

"Nimeambiwa boti ilinitafuta asubuhi."

"Ndiyo, baba."

"Hiyo mashine yako. Ilikuwa inanitafuta wapi?"

"Chini ya maji, baba. Kwa kiboko."

Hiribae akafikiri. Bega lake likatikisika chini ya shuka la Huka, na Elsie akashtuka, akadhani ni baridi. Kumbe mzee anacheka.

"Basi inanijua kidogo," alisema. "Mwambie Mahad wenu nashukuru. Na mwanangu, huko Garsen kuna wali? Nimechoka na maziwa."